Kununua fleti ya kwanza ya kupangisha Mombasa ukiwa ughaibuni

Kanuni moja itangulie zote: anayekuonyesha nyumba asiwe ndiye anayeikagua, na anayeikagua asiguse pesa. Ndugu wa damu wamekosana kwa sababu mmoja alibebeshwa kazi zote tatu. Usimtie nduguyo katika mtihani huo.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kupenda picha

Chukua fleti ya shilingi 6,000,000 inayopangishwa kwa 40,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja, mwaka utaingiza 440,000. Wakala akichukua asilimia 8, toa 35,200. Ada ya jengo (mlinzi, taka, pampu, taa za ngazi) ikiwa 5,000 kwa mwezi, toa 60,000. Tenga 20,000 za matengenezo.

Sasa ushuru, na hapa ndipo wengi huumia. Mkaazi wa Kenya anayepokea kodi ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA (mamlaka ya mapato) asilimia 7.5 ya kodi yote, yaani 33,000. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30, yaani 132,000. Wa kwanza hubaki na 291,800, wa pili 192,800. Ukijumlisha bei, ushuru wa stempu wa asilimia 4 (240,000) na gharama za wakili, umeshatoa kama milioni 6.4, kwa hiyo asiye mkaazi anavuna takriban asilimia 3 kwa mwaka. Ukaazi huu haufuati pasipoti, hufuata makao yako ya kudumu na siku unazokaa nchini. Muone mhasibu wa ushuru kabla ya kununua.

Hatua ya 2: Wakili wako mwenyewe

Hakikisha jina lake limo katika orodha ya mawakili wenye leseni ya Chama cha Wanasheria cha Kenya. Ukiambiwa mtumie wakili mmoja na muuzaji ili kupunguza gharama, kataa.

Hatua ya 3: Hati

Wakili afanye upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi, wala msitosheke na nakala mliyopewa na muuzaji. Mnatafuta jina la mwenye mali, rehani ya benki, zuio, na miaka iliyobaki ikiwa ni ardhi ya kukodi. Kwa sheria ya 2020, fleti moja inaweza kuwa na hati yake. Uliza kama hii inayo. Mombasa kuna jambo jingine, nyumba bila ardhi: muuzaji ana kuta tu, na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mitaa kama Majengo inajulikana kwa hilo.

Hatua ya 4: Ukaguzi

Mlipe fundi asiyejuana na dalali, akupigie simu ya video jioni, watu wanapooga. Afungue bomba la ghorofa ya juu: maji yanakuja kwa nguvu gani? Ayaonje. Visima vingi hapa vina chumvi, na ukoko mweupe kwenye kichwa cha bomba hukuonya kwamba hita na mifereji inaliwa. Kisha atoke roshani inayoelekea bahari, asogeze kamera chini ya zege. Nyufa zenye kutu, au zege lililobanduka nondo zikaonekana, ni gharama ya jengo zima, na nawe utachangishwa. Kabla ya kuondoka amuulize mlinzi maji ya boza (lori la maji) huletwa mara ngapi kwa wiki.

Hatua ya 5: Mkataba na pesa

Desturi ni amana ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Amana ikae kwa wakili wa muuzaji kwa masharti yaliyoandikwa, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Mkataba udai cheti cha kumaliza deni la kaunti na, ikiwa muuzaji ana mume au mke, ridhaa ya mwenzake. Hati ya uwakilishi, inayompa mtu ruhusa ya kutenda kwa niaba yako, isainiwe mbele ya notari huko uliko, itaje fleti hii tu na kazi hii tu, kisha isajiliwe.

Hatua ya 6: Makabidhiano

Piga picha mita ya maji na ya stima siku hiyo hiyo. Deni la nyuma hufuata mita. Kama kuna wapangaji, mkataba utaje amana zao kwa majina na kiasi, nazo zikatwe kwenye salio unalolipa. Lisipofanyika hilo, mpangaji akihama utamrudishia pesa ambazo hukuzipokea.