Sanamu ya Mtaani Ikiwa Mbaya: Namna ya Kulalamika Ukasikilizwa, na Namna ya Kuiwahi Inayofuata

Mkazi wa Mwanza amezoea maumbo mazuri bila kuyalipia. Bismarck Rock imesimama majini jiwe juu ya jiwe, na vilima vya Bugando, Igogo na Mabatini vimebeba mawe yaliyotulia kana kwamba kuna mtu aliyeyapima kabla ya kuyaweka. Ndiyo maana inauma, hapa na katika miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, pale fedha ya umma inapotumika kusimamisha kwenye kipilefti samaki wa saruji ambaye hakuna mvuvi anayeweza kumtaja jina, au mcheza ngoma ambaye mkono mmoja umeuzidi mwingine urefu. Hasira hiyo ni halali kabisa. Lakini mara nyingi huishia vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, ambako picha husambaa, watu wakacheka, na sanamu ikabaki pale pale kwa miaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wanaotaka malalamiko yao yafike kwenye kikao chenye mamlaka, yakiwa katika hali ambayo kikao hicho hakiwezi kuyapuuza.

Ikague kabla ya kuilaumu

Ukisema tu kwamba sanamu ni mbaya, utajibiwa kwamba kila mtu na anachokipenda, na mjadala utafungwa hapo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda kuitazama kwa makini, ikiwezekana jioni wakati jua linapopiga kwa ubavuni na kuonyesha kila bonde na kila uvimbe, na kuandika kasoro zinazoonekana kwa macho ya mtu yeyote.

Sanamu nyingi za mijini kwetu hujengwa kwa kiunzi cha nondo kilichozungushiwa waya wa kuku, kikapigwa plasta ya saruji na mchanga, kisha kikapakwa rangi ya mafuta. Anza kukagua sehemu nyembamba, yaani shingo, vifundo vya mikono, ncha za vidole na mapezi, kwa kuwa hapo plasta huwa haba. Ukiona ufa mwembamba wenye doa la kutu lililochuruzika chini yake, ujue maji yamekwisha kuifikia nondo; nondo inayoshika kutu huvimba, na inapovimba huisukuma plasta mpaka ibanduke vipande vipande. Rangi inayobambuka kama maganda huashiria kwamba ilipakwa juu ya plasta ambayo haijakauka vizuri, au kwamba haikutanguliwa na rangi ya msingi. Hizo ni kasoro za ujenzi, wala si suala la nani anapenda nini, na zinaweza kudaiwa kwa mkandarasi.

Baada ya hapo, itazame kwa macho ya mtumiaji wa barabara. Je, dereva wa daladala au wa bajaji anayeingia kwenye mzunguko anayaona magari yanayotoka upande wa pili? Je, mtoto wa shule anayevuka anaonekana? Kama kitako cha sanamu kinaziba macho, taja jambo hilo mwanzoni kabisa mwa malalamiko yako, kwa sababu linahusu usalama na haliwezi kusubiri mjadala wa urembo. Piga picha za pande zote, na katika picha moja mweke mtu mzima asimame kando ya sanamu ili kimo chake kionekane.

Umbo lenyewe nalo linaweza kukosolewa kwa ushahidi. Nichukue samaki, kwa kuwa ndiye anayechongwa zaidi kanda hii. Sangara ana mdomo mpana wenye taya la chini lililochomoza, pezi la mgongoni lililogawanyika karibu kuwa mawili, na mkia wenye ncha ya mviringo. Sato ana pezi moja refu la mgongoni lisilokatika, na mkia wake una mistari ya kusimama. Sanamu yenye mwili wa mmoja na mkia wa mwingine ina kosa ambalo mchuuzi yeyote wa mwaloni Kirumba atalionyesha kwa kidole, na ushuhuda wa watu wawili watatu wa aina hiyo, ulioandikwa na kusainiwa, una uzito kuliko mamia ya vicheko vya mtandaoni. (Ningependa pia, siku moja, tuwaone furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakipewa nafasi. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ilhali furu, wa mamia ya aina, wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani.)

Mjue mwenye sanamu

Malalamiko mengi hufa kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Jiji lenyewe limegawanyika: upande wa Nyamagana uko chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na upande wa Ilemela uko chini ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Barabara kuu zinazoingia mjini, kama ile ya kutoka Shinyanga na ile ya kwenda Musoma, husimamiwa na TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu, wakati barabara za mitaa ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hivyo inawezekana kabisa ardhi ya kipilefti ikawa ya mmoja, sanamu ikawa ya mwingine, na bustani inayoizunguka ikawa inatunzwa na kampuni iliyopewa ruhusa ya kuweka tangazo lake hapo. Muulize mtendaji wa mtaa au wa kata, na umwombe akutajie idara, si jina la mtu. Ikiwa kampuni ndiyo iliyolipa, usikate tamaa, kwa kuwa eneo bado ni la umma na kuna ofisi iliyotoa kibali.

Omba nyaraka kwa maandishi

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, na ofisi iliyoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukinyimwa, unaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi hiyo, na usiporidhika ukakata rufaa kwa Waziri. Mimi naiona hatua hii kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ninasikitika kwamba hutumiwa na wachache. Barua haihitaji wakili. Inaweza kuandikwa hivi:

"Mkurugenzi, Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Yah: Maombi ya taarifa kuhusu sanamu iliyopo kwenye mzunguko wa barabara (taja mahali). Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa mtaa wa (taja). Kwa heshima, naomba kupatiwa nakala ya taarifa zifuatazo: mchoro au mfano ulioidhinishwa kabla ya kazi kuanza, gharama iliyokadiriwa na gharama iliyolipwa, mkataba pamoja na muda wa matazamio, taarifa ya ukaguzi na mapokezi ya kazi, na jina la idara inayohusika na matengenezo. Nipo tayari kulipia gharama ya kudurufu. Wako katika ujenzi wa Taifa."

Peleka nakala mbili masjala, na hakikisha ya kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa bila muhuri huo huna pa kuhesabia zile siku 30.

Kila waraka uliotajwa una kazi yake. Mchoro ulioidhinishwa ndio kipimo cha haki kuliko vyote, kwa sababu ukiulinganisha na kilichosimama, utajua kama fundi alikiuka alichoagizwa au kama aliyeagiza ndiye aliyeagiza vibaya. Kama hakuna mchoro wowote, hilo lenyewe ni jambo la kuuliza katika baraza la madiwani: kamati ya mapokezi iliipokea kazi kwa kulinganisha na nini? Muda wa matazamio nao ni wa kuharakishwa, kwa maana ni kipindi ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na kwa kawaida sehemu ya malipo yake huwa bado imezuiwa. Muda huo ukipita, kila ukarabati utatoka mfukoni mwa walipa kodi kwa mara ya pili.

Pandisha suala kwa ngazi zake

Anzia mkutano wa hadhara wa mtaa, ambako mwenyekiti anaweza kuliingiza suala kwenye muhtasari. Usije peke yako. Wazee, mama lishe na bodaboda wanaoshinda karibu na sanamu hiyo wanaiona kila siku, na wakisimama kusema, kila mmoja kwa ufupi, "Ndugu Mwenyekiti, sisi tunaofanya kazi pale tunaona hivi," suala huacha kuwa la mtu mmoja mwenye chuki. Kutoka mtaani linakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Mpe Mheshimiwa Diwani karatasi moja, si faili: picha mbili, kasoro tatu, na ombi moja. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuuliza swali katika baraza, na kabla ya hapo kulisukuma kwenye kamati ya mipango miji na mazingira, ambako mambo haya hujadiliwa kwa utulivu zaidi. Mikutano ya baraza hufanyika kila robo ya mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Hudhurieni, kwa kuwa swali linaloulizwa mbele ya wakazi waliokaa kimya nyuma ya ukumbi hujibiwa kwa uangalifu zaidi.

Ombi lenu lipangeni kuanzia dogo. Sanamu isiyo hatari inaweza kurekebishwa uso, kupakwa upya kwa rangi moja tulivu badala ya rangi tano zinazogombana, au kuhamishiwa mahali pasipo na msongamano. Kubomoa kuwe ombi la mwisho, isipokuwa pale inapotishia kuwaangukia watu, kwa sababu kubomoa nako kunagharimu, na kipilefti kitupu hukaribisha haraka kazi nyingine isiyofikiriwa. Mwezi Agosti 2024, mjini Eldoret nchini Kenya, sanamu za wanariadha zilizowekwa wakati mji huo ukijiandaa kupewa hadhi ya jiji ziliondolewa baada ya kudhihakiwa sana. Wakazi walishinda, lakini kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Hapa naomba jambo moja kwa moyo wote: msimtukane msanii. Wachongaji wetu wengi hupewa picha ya kwenye simu, muda mfupi na malipo kidogo, kisha wanaachwa wabebe aibu ya mkoa mzima. Wengine huacha kazi hiyo kabisa. Malalamiko yaelekezwe kwa utaratibu wa kuagiza, na mkikutana na fundi mwenyewe, mwulizeni alipewa nini na siku ngapi. Mara nyingi jibu lake ndilo litakalowapa hoja bora ya kupeleka kwa diwani.

Iwahi inayofuata

Nafasi kubwa ya wakazi iko kabla ya saruji kukorogwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla ya hapo, na mapendekezo ya kata hukusanywa mapema zaidi. Mkutano wa mtaa wa kuelekea mwisho wa mwaka ndio mahali pa kuuliza kama kuna kazi yoyote ya kupendezesha mji iliyopangwa, itagharimu kiasi gani na nani ataichagua. Zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo kijana wa mtaani mwenye simu anaweza kupewa jukumu la kufuatilia matangazo na kuleta taarifa.

Dai masharti mawili yaandikwe kwenye zabuni. La kwanza ni mifano midogo ya udongo kutoka kwa wasanii wasiopungua watatu, ioneshwe hadharani, sokoni au viwanja vya Furahisha, kabla ya mmoja kuchaguliwa. Udongo haujakauka, pua inaweza kusogezwa, bega likashushwa, na gharama yake ni mchana mmoja wa kazi. Sanamu ya mtu inalihitaji sharti hili kuliko nyingine zote. Ile ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024 katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ilizua mjadala mrefu miongoni mwa Watanzania ambao hawakuona sura ya Mwalimu waliyemjua, na mjadala wa namna hiyo unapaswa kufanyika mbele ya mfano wa udongo, ukiwahusisha waliomfahamu mhusika.

Vivyo hivyo kwa utamaduni. Anayetaka kuchonga mcheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, amwite mcheza bugobogobo aonyeshe jembe linavyoshikwa na goti linavyokunjwa. Na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, hayako mbali kiasi cha kumshinda msanii kwenda kutazama ngoma na viti vya watemi kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Sharti la pili ni matunzo: nani ataiosha, nani ataipaka rangi, kila baada ya muda gani, na kwa kifungu kipi cha bajeti. Pia pendekezeni jiwe mahali pa saruji pale inapowezekana. Jiwe la Mwanza halihitaji rangi, lipo tele, na wapo mafundi wanaoishi kwa kulipasua. Mkataba uwataje kwa majina, pamoja na msanii, kwenye kibao kidogo chini ya sanamu, kikiwa na mwaka na gharama iliyotumika.