Teksi ugenini, malizeni bei kabla hujapanda
Jamani ukisafiri nje, patana bei ya teksi kabla hujafungua mlango na uulize kabisa ni ya gari zima au ya kila kichwa, na kwa hela ya nchi gani, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kama ina mita ione ikiwashwa. Begi lenye pasipoti kaa nalo, usiliweke kwenye buti, buti likishafungwa we ndo unabembeleza. Ukitoa noti kubwa itaje kwa sauti wakati unampa, wapo wanaoibadilisha chap wanasema umetoa ndogo. Akianza fujo usibishane naye usiku ndani ya gari, mwambie akushushe mlangoni hotelini, mapokezi watasaidia. Nchi za Umoja wa Ulaya dharura ni 112, bure.