Una fibromialjia halafu dalili mpya inaibuka ghafla, uanzie wapi?

Sisi tunaoishi na fibromialjia, au fibro kwa kifupi, ile hali ya maumivu ya muda mrefu mwili mzima, kuumwa tumeshazoea. Shida inakuja pale mwili unapoleta kitu kipya bila taarifa, vidole vinakufa ganzi, moyo unaenda mbio umekaa tu, kizunguzungu, kifua kinabana, na hapo hujui ni ileile fibro au ni jambo lingine kabisa. Kuna wanaopaniki kila mara na kuna wanaosema "aah ni fibro tu" wanageukia upande wa pili. Hawa wa pili ndio wananitia hofu zaidi, kwa sababu fibro haimkingi mtu na ugonjwa mwingine wowote, unaweza kuwa nayo na bado ukapata tatizo la moyo, tezi ya thairoidi (ile ya shingoni), au upungufu wa damu kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote angalia hatari kwanza. Uso umeshuka upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanatoka hovyo, hiyo inaweza kuwa kiharusi na kila dakika ina maana. Kifua kinabana na maumivu yanaenda mkononi, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi, pumzi haitoshi, na wanawake saa nyingine wanapata zaidi kichefuchefu na uchovu wa ajabu kuliko maumivu yenyewe. Kichwa kinachouma ghafla na kwa ukali ambao hujawahi kuupata maishani. Homa kali na shingo imekakamaa. Mguu mmoja tu umevimba na unauma kwenye kigimbi. Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, pamoja na mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Yoyote kati ya haya, nenda emajensi sasa hivi, usiendeshe gari mwenyewe, na usisubiri kuona kama asubuhi itakuwa nafuu.

Hapo kwenye kifua niongeze kidogo maana wengi wetu kinatusumbua. Ni kweli watu wenye fibro wanapata sana maumivu pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kifua, ukibonyeza panauma. Lakini usitumie kubonyeza kama kipimo cha kujihakikishia kwamba moyo uko salama, kazi hiyo waachie wenye mashine ya ECG, ile inayopima umeme wa moyo.

Haya, hakuna dalili ya hatari. Sasa jiulize nini kimebadilika siku za karibuni, na anza na dawa, watu wanasahau sana dawa. Umeanza mpya? Umeongezewa dozi? Umeruka siku kadhaa? Chukua zile tunazopewa sana kwa fibro. Pregabalini inaweza kuleta kizunguzungu na kuvimba miguu. Amitriptilini inakausha mdomo, inaleta usingizi mzito na inaweza kukimbiza moyo. Duloksetini ukiiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na zile hisia kama shoti ya umeme kichwani, kwa hiyo hizi dawa hazikatwi kienyeji, zinapunguzwa taratibu na daktari. Halafu ukichanganya duloksetini na dawa ya maumivu ya tramadoli ukaanza kutetemeka, kutoka jasho jingi, joto kupanda na kuchanganyikiwa, hiyo ni ya emajensi, usikae nayo nyumbani.

Baada ya dawa angalia usingizi, stresi, hedhi, mafua au maambukizi yoyote, na kazi nyingi uliyofanya jana au juzi, kwa sababu mwili wetu mara nyingi haulalamiki siku hiyohiyo. Kwenye fibro mfumo wa fahamu unapokea taarifa za kawaida na kuzikuza, ni kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho, ndiyo maana hata mguso, mwanga au kelele vinaweza kukuumiza. Maumivu ni ya kweli kabisa, asikudanganye mtu.

Mara nyingi dalili za fibro zinahamahama, leo bega kesho nyonga, zinapanda na kushuka, na zinagusa pande zote mbili za mwili. Isiyofanana nayo ni kama kiungo kilichovimba, chekundu na cha moto, udhaifu wa upande mmoja (ukija ghafla ni emajensi kama nilivyosema juu), homa isiyoisha, kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, jasho linalolowesha shuka usiku. Pia vipimo vya damu vya inflamesheni mwilini kama ESR na CRP kwa kawaida havipandi kwa fibro peke yake, vikipanda inabidi itafutwe sababu nyingine.

Wakati unasubiri dalili itulie, kaa au ulale mahali pasipo kelele, punguza mwanga, vuta pumzi kwa pua taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia dakika chache. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye misuli iliyokaza kinasaidia wengi. Kunywa maji. Usimeze dozi ya ziada eti kwa sababu dalili imezidi, na usijifungie kitandani siku nzima nzima, pumzika kidogo kisha nyoosha mwili au tembea hatua chache, misuli ikikaa sana inakaza zaidi.

Ikitulia andika palepale, maana ukungu wa akili, ule usahaulifu wa fibro, utaifuta. Ilianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, wapi hasa, ilidumu muda gani, kitu gani kiliipunguza. Sentensi mbili kwenye simu zinatosha. Kama ni uvimbe au kidonda piga na picha. Isipoisha ndani ya wiki mbili hivi, au inarudirudi, au inazidi, nenda hospitali hata kama sio kali.

Na ukifika kwa daktari, ushauri wangu ni huu, usianze na neno fibromialjia. Anza na dalili yenyewe, "nina ganzi mkono wa kushoto tangu Jumatatu na haifanani na maumivu yangu ya kila siku", ndipo utaje fibro na dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Akikuambia haraka haraka ni fibro, muulize kwa heshima, "daktari, mgonjwa asiye na fibro akija na dalili hii ungempima nini?" Hilo swali linafungua mlango. Wingi wa damu, sukari, tezi ya thairoidi, vitamini B12 na D ni vipimo vya kawaida vya kuulizia, kwa sababu vikiwa na kasoro vinaleta uchovu, ganzi na maumivu ambavyo tunavibebesha fibro bure.

Mwisho, unaoishi nao wazijue zile dalili za hatari za juu, sio wewe peke yako. Siku ikitokea unaweza usiweze kujieleza, kwa hiyo orodha ya dawa, dozi, na aleji zako iwe kwenye karatasi ndani ya pochi na waonyeshe inakaa wapi.