Somo: Dozi ya tezi ikikusumbua, usiiguse kwanza

Leo nazungumza na wanaomeza levothairoksini, homoni ya kidonge inayoshika nafasi ya tezi ya shingo iliyolegea. Nilipopandishwa kutoka mikrogramu 50 hadi 100 kwa mkupuo, wiki ya tatu nilijikuta mlangoni, ufunguo unagongagonga kitasa na tundu silipati. Usiku moyo ulidunda hadi nikausikia kwenye mto. Nikaacha dawa siku nne, nikarudi, nikaacha tena. Nilipopima, daktari aliyatazama majibu, akaniuliza, "Sasa hapa tumepima dozi ipi?"

Hatua ya 1. Jua kama imezidi au haijatosha. Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kuharisha na kukonda ni dalili za kuzidi. Kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu na kunenepa huashiria upungufu. Uchovu na nywele kunyonyoka hutokea pande zote mbili, hivyo visikuamulie.

Hatua ya 2. Andika. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo sekunde 60. Andika idadi, saa uliyomeza dawa na saa uliyokula. Daftari la wiki mbili lina nguvu kuliko "daktari, sijisikii vizuri".

Hatua ya 3. Kagua unavyomeza. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4. Sasa angalia mtego: kama dozi yako ilipangwa wakati unameza pamoja na kahawa, siku ukianza kumeza kwa maji utapata dawa nyingi zaidi mwilini, ingawa kidonge ni kilekile. Lolote ulilobadilisha, hata kampuni inayotengeneza dawa yako, mwambie daktari.

Hatua ya 4. Subiri, kisha pima. Dawa hii hutoka mwilini polepole; nusu yake hubaki baada ya siku 7 hivi. Ndiyo maana kuruka siku mbili hakukuonyeshi kitu. TSH, homoni ya kichwani inayoisukuma tezi ifanye kazi, hupimwa kwenye damu wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa. Na isikuchanganye: TSH ikiwa chini sana, kwa kawaida dozi imezidi, ikiwa juu, haijatosha. Kama unatumia biotini ya nywele na kucha, iache angalau siku 2 kabla ya kipimo, maana huharibu majibu.

Hatua ya 5. Omba kupanda au kushuka kidogokidogo. Mikrogramu 12.5 au 25 kwa mara moja huvumilika, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo. Lakini kifua kikiuma, ukikosa pumzi, ukizimia au mapigo yakienda ovyoovyo, hizo wiki 6 hazikuhusu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Jana nilisahau kidonge, leo nimeze viwili?
Marahaba. Meza kimoja tu, uendelee kama kawaida. Kwa jinsi dawa inavyokaa mwilini, siku moja haikuangushi.

Nina mimba ya wiki 6. Naogopa dawa itamdhuru mtoto, niache?
Usiache, mpenzi. Miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni yako wewe, na mara nyingi dozi huongezwa. Mpigie daktari leo, usingoje kliniki ya kwanza.

Mimi natumia kabimazoli. Hatua hizi zinanifaa?
Hapana, kaka. Yako hupunguza homoni, yetu huongeza. Ila hili ulishike: ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, usimeze dozi inayofuata, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo. Kabimazoli mara chache hushusha chembe nyeupe za damu, na mwanzo wake hufanana na mafua.