Kabla ya kuhamia Palm mpya, shughulikia folda ya Backup

Yeyote anayeiacha Palm III ya mwaka 1998, kompyuta ndogo ya mkononi ya kutunzia anwani na miadi, na kuhamia Tungsten E2 ya mwaka 2005, ambayo nayo ni Palm, namshauri asiharakishe kubonyeza kitufe cha HotSync, kinachooanisha data za kifaa na za kompyuta. Kwanza aoanishe kifaa cha zamani na kompyuta kwa mara ya mwisho, kisha afungue folda ya mtumiaji ya Palm Desktop (programu ya Palm iliyo kwenye kompyuta) na kubadilisha jina la folda ndogo iitwayo Backup, kwa sababu programu za zamani zilizohifadhiwa humo, zikirudishwa kwenye mfumo mpya, zinaweza kukifanya kifaa kigande na kujiwasha upya mara kwa mara. Mimi niliisahau hatua hiyo, nikashinda asubuhi nzima nikiingiza ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kwenye kitundu cha nyuma ili kifaa kianze upya. Anwani, kalenda na orodha ya kazi hazipotei, maana huhifadhiwa katika folda zake zenyewe.

Kompyuta ikiuliza jina la mtumiaji, chagua lile lile la zamani, lakini usiendelee kutumia vifaa viwili kwa jina moja.

Ninachokithamini zaidi kwenye E2 ni kumbukumbu isiyotegemea chaji. Palm III ilitumia betri mbili za AAA, na wakati wa kuzibadilisha ulikuwa na takribani dakika moja tu kabla ya kila kitu kufutika. E2 ikiishiwa chaji kabisa, ukiichaji unakuta miadi yako yote ipo.