Mtoto yuko ingilishi midiam, Kichaga atakijulia wapi? Fanyeni hivi

Wachaga wa Dar mnaijua hii: mtoto kapanda skuli basi saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi jioni kachoka, homuweki inamsubiri, shuleni Kiingereza, mtaani Kiswahili, halafu Desemba mnafika Moshi bibi anamsalimia "shimbonyi" mtoto anabaki kumwangalia baba yake. Hapo mzazi anaapa atatafuta mwalimu wa Kichaga. Usitafute. Huyo mtoto hana saa ya ziada, na akishaona ni somo lingine basi tena. Ingiza lugha kwenye muda ambao tayari mnao.

Kwanza kubalianeni ni Kichaga kipi. Mtu wa Rombo na wa Machame kila mmoja akiongea cha kwao hawaelewani kirahisi, sasa kama baba ni wa Kibosho na mama wa Marangu angalieni nani anashinda na mtoto zaidi au bibi yupi anapigiwa simu sana, mchukue cha huyo. Mama kama ni Msukuma aongee Kisukuma chake na baba abebe Kichaga, asimsukumie shangazi. Mtoto atachanganya maneno mwanzoni, inakaa sawa yenyewe.

Anza na zile amri za kila siku, njoo, kaa, lete maji, nawa mikono, funga mlango. Hizo ziwe Kichaga tu, asipoelewa mwonyeshe kwa mkono, usitafsiri. Akikujibu kwa Kiswahili mwache, kuelewa kunatangulia kuongea na ukimlazimisha atanuna tu.

Jumamosi pikeni mtori, hapa ndo penyewe. Mpe ndizi mshale amenye, mpake mafuta mikononi utomvu usimgande, na kila mnachoshika kiite kwa Kichaga, kisu, nyama, chumvi, moto, mpaka nyama imelainika mnatia ndizi, zikiiva mnaponda wote. Bibi awe kwenye simu lauspika anatoa maelekezo na kugombeza kidogo, maana wakati wa kupika watu wanarudia maneno yale yale bila kujua wanafundisha. Katikati ya wiki bibi atume voisi noti WhatsApp, kisa kifupi tu, mtoto ajibu hata "aika" (asante) peke yake. Hizo voisi zihamishie sehemu salama, simu zinaibiwa.

Shule nayo msiionee. Sekondari karibu masomo yote ni Kiingereza kwa hiyo anakihitaji kweli, na mwaka wa mtihani wa darasa la nne au la saba usiongeze kitu, endelea tu na amri na mtori. Ila mwalimu akikwambia muongee Kiingereza nyumbani na chako ni cha kuungaunga (wengi wetu ndo hivyo), achana naye, hicho atapewa shuleni kilicho kizuri zaidi. Wewe msomee hadithi kwa Kiswahili, akizoea kusoma atasoma lugha yoyote.

Halafu Desemba. Siku mbili za Krismasi mnalala hoteli mjini, mnapiga picha na mlima, mnarudi, hiyo haisaidii. Mwacheni kihambani, kwenye shamba la ukoo, likizo yote na binamu zake, akate majani ya ng'ombe, aonyeshwe makaburi ya ukoo, aonyeshwe masale, ile mimea ya pale mpakani mwa shamba, na aelezwe kwa nini mtu aliyekosa akija nayo kuomba msamaha si rahisi kumkatalia. Binamu wakimcheka "Mchaga wa Dar" mkubwa mmoja awanyamazishe mapema, mtoto akichekwa sana anafunga mdomo likizo nzima.

Na bibi mwenyewe umwandae kabla. Mabibi wana huruma, akiona mjukuu kakwama anahamia Kiswahili hapo hapo, kwa hiyo mpigie mwambie avumilie, arudie taratibu, na kama mtoto anataka andazi aliombe kwa Kichaga.