Ukiandika mahitaji ya ndege ya manowari, mwachie mbunifu nafasi

Nafundisha uchoraji wa kihandisi, na kila mwaka nawapa wanafunzi zoezi hili: andikeni mahitaji ya ndege ya mashambulizi itakayoruka kutoka kwenye meli ya kubeba ndege. Karibu wote huanza na "iwe na mabawa yanayokunjwa". Hapo nashika kalamu nyekundu.

Anza na kazi: ibebe bomu la uzito gani, iende umbali gani, irudi vipi. Kisha taja ambayo meli haiwezi kubadili, yaani ukubwa wa lifti inayopandisha na kushusha ndege kati ya sitaha na banda lililo chini yake, nguvu ya manati inayoirusha, kamba za kuinasa ikitua. Hayo usiyalegeze hata kidogo. Uzito uwekee kikomo cha juu tu.

Mabawa ya kukunjwa ni jibu, si hitaji. Hitaji ni ndege ienee kwenye lifti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani liliweka kikomo cha uzito wa pauni 30,000. Ed Heinemann, mbunifu wa kampuni ya ndege ya Douglas, alileta Skyhawk, ndege yenye takriban nusu ya uzito huo! Bawa lake, mita 8.38 kutoka ncha hadi ncha, liliingia kwenye lifti bila kukunjwa. Bawaba na mitambo ya kukunjia havikuhitajika tena, na tangi la mafuta likakaa humo humo ndani ya bawa. Magurudumu makuu yalikunjwa kuelekea mbele, ili haidroliki, yaani mitambo inayoyasukuma kwa nguvu ya mafuta, ikigoma, uzito wa magurudumu yenyewe na upepo viyashushe. Hapa darasani huwa nachelewa makusudi, kwa sababu napenda waone kilo moja ikiondoka inavyoondoa nyingine. Skyhawk iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Juni 1954. Hadi 1979 zilikuwa zimeundwa 2,960.

Ila kulegeza si kuandika "iwe nyepesi na nzuri". Hilo halipimiki.

Sasa rudi kwenye rasimu, kila sentensi iulize "kwa nini?" Waingereza waliipa Fulmar, ndege yao ya kivita, kiti cha pili cha mwelekezi, ikawa nzito na ya mwendo mdogo. Sababu yao ilikuwa ya kweli: baharini hakuna alama za njia. Basi andika sababu yenyewe, "rubani aweze kuipata meli hata kukiwa na mawingu", na mbunifu achague kati ya mtu wa pili na redio.

Mwisho, wape watu wawili rasimu yako, kila mmoja achore peke yake. Michoro ikifanana kabisa, umebana mno, rudi ukafute.